Bata walewale, maji yaleyale: kwa nini picha nzuri ya bata hupigwa ukiwa mbali

Nina picha mbili za bata kwenye simu yangu ambazo zimenisumbua mwezi mzima. Zote zimepigwa asubuhi moja, kutoka kwenye gari moja, kando ya Bwawa la Viboko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Hazipishani hata dakika kumi. Bata ni walewale, wale wenye uso mweupe na shingo nyeusi wanaolia kama mtu anayepiga mluzi. Kisayansi wanaitwa Dendrocygna viduata, na cha ajabu wanaishi Afrika na Amerika ya Kusini pia.

Ya kwanza niliipiga mimi. Nilikuwa nimesimama, nusu ya mwili nje ya paa la gari, bata wakiwa kama mita 8 mbele yangu. Maji yametoka rangi ya chai ya maziwa, na bata anaonekana kama sanamu iliyosahauliwa kwenye tope.

Ya pili ilipigwa na mwenzangu. Gari jingine lilikuja, dereva wetu akarudi nyuma kulipisha, tukajikuta mita 40 hivi kutoka kwa bata. Mimi nikashusha kamera kwa hasira. Si unajua tena, unaona bata wameshakuwa wadogo, unaona basi. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti chake, akaegemeza lenzi kwenye dirisha, akabonyeza mara tatu nne. Maji yake ni bluu iliyochanganyika na dhahabu, yametulia kama kioo, na chini ya kila bata yupo bata mwingine kichwa chini.

Hakuna aliyegusa rangi kwenye kompyuta. Mwenzangu anasoma ikolojia, mimi nasoma fizikia, kwa hiyo aibu ilikuwa yangu. Swali la nani kabadilisha rangi ya maji ni la somo langu, sio lake.

Mwanga uliozama na mwanga uliodunda

Ukitazama bwawa, jicho linapokea mwanga wa aina mbili kwa mpigo. Wa kwanza uliingia ndani ya maji, ukagongana na chembe za udongo, kisha ukarudi juu ukiwa umebeba rangi ya udongo huo. Bwawa hili liko kwenye uwanda wa Mkata, na mvua zikishanyesha tope huku si haba, kwa hiyo mwanga huo ni wa kahawia. Wa pili haukuzama kabisa. Ulifika kwenye uso wa maji, ukadunda, ukaja kwako na rangi ya kule ulikotoka: anga, mawingu, au majani ya ng'ambo.

Kila mmoja una mgao gani? Hesabu yake iliwekwa sawa miaka ya 1820 na Mfaransa Augustin Fresnel, ambaye kazi iliyomlipa mshahara ilikuwa uhandisi wa barabara na madaraja. Kanuni zake zinasema kwamba mgao unategemea sana pembe. Ukitazama maji tulivu wima kutoka juu, ni asilimia 2 tu ya mwanga inayodunda. Ukitazama kwa pembe ya digrii 30 kutoka usawa wa maji, bado ni asilimia 6 tu. Halafu mambo yanakwenda mbio. Kwenye digrii 17 ni asilimia 18, kwenye digrii 10 ni asilimia 35, na ukishuka hadi digrii 2 unafika asilimia 80. Yaani maji hayajabadilika hata tone, lakini yamegeuka kioo kwa sababu wewe umebadili pembe.

Umeshaliona hili hata kama hujawahi kushika kamera. Simama kwenye daraja la Mto Mkondoa pale Kilosa. Chini ya miguu yako unaona mchanga na tope. Inua macho utazame mto kule mbele, unaona anga. Ni mto mmoja.

Sasa rudi kwenye gari letu. Kichwa changu juu ya paa kilikuwa kama mita 2.5 kutoka usawa wa maji, bata wakiwa mita 8. Pembe hapo ni digrii 17. Zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa anga ulizama kwenye tope, na nilichopiga ni hilo tope. Mwenzangu dirishani alikuwa kwenye mita 1.5, bata wakiwa mita 40. Pembe yake ni digrii 2 na kidogo. Asilimia 80 ya alichokipata ni anga ya saa moja asubuhi. Alipiga picha ya mawingu, bata akawa katikati yake.

Kulala chini bila kushuka kwenye gari

Ukiuliza wapiga picha wa ndege popote duniani watakwambia jambo moja: lala chini, lenzi iguse maji ikibidi. Ushauri mzuri, ila umeandikwa na watu ambao mabwawa yao hayana viboko. Mikumi hairuhusiwi kushuka kwenye gari isipokuwa sehemu zilizotengwa, na hata pale panaporuhusiwa, mtu mwenye akili timamu hajilazi kwa tumbo ukingoni mwa maji ambayo kiboko anayaita kwake.

Lakini angalia hesabu. Pembe haitegemei kimo chako peke yake, inategemea uwiano wa kimo na umbali. Mtu aliyelala kifudifudi na kamera sentimita 30 juu ya maji, bata akiwa mita 10, ana uwiano wa 0.3 kwa 10. Mtu aliyekaa kitini na kamera mita 1.5 juu ya maji, bata akiwa mita 50, ana uwiano wa 1.5 kwa 50. Vyote viwili ni 0.03. Pembe ni ileile, digrii 1.7. Kwa upande wa maji hakuna tofauti kati ya mtu aliyelowa tope mpaka kifuani na mtu aliyekaa kwenye kiti na chupa ya maji pembeni. Aliyekaa kitini amerudi nyuma tu.

(Kimo hapa kinahesabiwa kutoka usawa wa maji, sio kutoka ardhini. Ukingo ukiwa na mita moja juu ya maji, ongeza hiyo mita, halafu rudi nyuma zaidi.)

Hili kwangu lilikuwa kama kofi. Miaka yote nilidhani kusogea karibu na kushuka chini ni jitihada zinazokwenda pamoja, kumbe zinavutana. Ukiwa na gari, kila mita unayosogea mbele inakuinua juu ya bata, na maji yanazidi kuwa tope.

Kabla sijaendelea, neno kuhusu filta ya polaraiza. Wauzaji wa vifaa vya kamera watakuuzia wakikwambia inaondoa mng'ao majini, na ni kweli, lakini kwenye pembe maalumu. Mskoti David Brewster alionyesha mwaka 1815 kwamba kuna pembe moja ambapo mwanga unaodunda hutetema kwenye mwelekeo mmoja tu, na kwa maji pembe hiyo ni karibu digrii 37 juu ya usawa wa maji. Hapo filta inaweza kuuzuia wote. Kwenye digrii 2 mwanga uliodunda una mielekeo yote, karibu nusu kwa nusu, na filta haina cha kushika. Itakachofanya ni kukunyang'anya nusu ya mwanga wako alfajiri, wakati ambao hata huo uliopo hautoshi. Halafu kumbuka kwamba huo mng'ao ndio uliokuja kuutafuta. Iache nyumbani.

Yule bata wa chini sio nakala

Watu wengi huamini kwamba taswira ya bata majini ni bata yuleyule aliyepinduliwa. Siyo. Taswira hiyo ni bata anavyoonekana na kamera iliyozama chini ya maji kwa kina sawa na kimo chako, ikitazama juu. Nikiwa juu ya paa la gari nilikuwa namwona bata mgongoni, lakini bata wa kwenye maji alikuwa ananionyesha kidevu na kifua. Ukikutana na picha ya bata iliyopigwa kutoka juu, mgongo unaonekana juu na mgongo uleule unaonekana chini, jua kuna mtu kaipindua kwenye programu. Nimeshakamata mbili mtandaoni kwa njia hii na nimefurahi isivyo kawaida.

Pembe ikishuka, kamera halisi na ile ya kufikirika chini ya maji zinakaribiana, na bata wawili wanaanza kufanana kweli. Ndiyo maana picha ya mwenzangu ina ule ulinganifu wa kadi ya karata.

Upepo ndio adui hapo. Kiwimbi kikiinamisha uso wa maji kwa digrii 5, mwanga uliodunda unageuka digrii 10, mara mbili yake. Kwa hiyo kiupepo kidogo tu kinatosha kuyavunja majani ya ng'ambo na kuyachanganya na vipande vya anga ya juu. Asubuhi mapema ardhi haijapata joto la kusukuma hewa, maji yanalala. Ikifika saa nne wimbi limeamka.

Kilosa, kwa tumbo

Kilosa hakuna geti wala kiingilio. Baada ya mvua bonde linajaa majaruba ya mpunga, na pembeni yake kuna madimbwi yenye matete na magugu maji ambayo bata wanayapenda. Hapo hakuna gari la kukuzuia, unaweza kutambaa unavyotaka. Basi mwezi Juni, mpunga ukiwa unamaliziwa kuvunwa, nikatambaa.

Nilikuwa nimeshatambaa robo saa juu ya tuta nilipotazama pembeni na kumwona mama mmoja mwenye mundu amesimama ananiangalia.

"Mwanangu, umeangusha nini?"

"Shikamoo mama. Sijaangusha kitu. Napiga picha bata."

"Marahaba. Hao?" Akacheka. "Mimi nawafukuza tangu mpunga haujatoa suke, wewe unawafuata kwa tumbo. Ukitaka wakae, inuka ufanye kazi. Sisi tunavuna hapa hawaondoki. Anayewanyemelea ndiyo wanamkimbia."

Sikumsikiliza. Nilikuwa na mita 15 za kufika kwenye picha yangu. Nikasogea, kundi zima likanyanyua shingo, mluzi ukaanza, wakaruka. Wote isipokuwa mmoja. Yeye alipigapiga mabawa juu ya maji kama mtu anayejaribu kukimbia na ndoo mbili, akaanguka, akapigapiga tena, akapotelea kwenye matete. Niliona kuna kitu hakiko sawa kwenye mabawa yake na nikadhani ameumia. Nikapiga picha sita.

Jioni nilipomwonyesha mwenzangu, hakuangalia ile rangi ya maji niliyokuwa najivunia. Alikuza picha kwenye bawa akaniuliza, "Manyoya yako wapi?"

Hapa ndipo somo lake lilipoingia. Ndege wengi hunyonyoka manyoya ya kurukia moja moja, kwa zamu, ili wasipoteze uwezo wa kuruka. Kunguru wa dirishani kwako anafanya hivyo. Bata na bata bukini hawafanyi hivyo. Wao hudondosha manyoya yote ya kurukia karibu kwa wakati mmoja, mara nyingi baada ya msimu wa kuzaliana, na wanakaa bila kuruka mpaka mapya yaote. Kwa bata wengi ni wiki tatu hadi tano, na kwa wale wakubwa kama bata bukini mwenye kipi begani huweza kuzidi hapo. Sababu inaeleweka ukifikiria mwili wao: ni wazito kulinganisha na ukubwa wa mabawa, na bawa lililopungukiwa hata manyoya machache lingekuwa halifai. Bora kupoteza yote haraka kuliko kuruka vibaya kwa miezi.

Katika wiki hizo bata ana silaha moja tu, kutokuonekana. Anakaa kwenye matete, anakula karibu, anaepuka kujichosha, kwa sababu kila anachokula kinatakiwa kutengeneza manyoya, na unyoya ni protini tupu. Mimi nilimtoa kwenye maficho yake mchana kweupe, mbele ya mwewe yeyote aliyekuwa anapita, ili nipate picha. Na hata wale walioruka hawakuruka bure. Kuruka humgharimu bata nguvu mara kumi au zaidi ya anazotumia akiwa ametulia. Wakifukuzwa mara tatu kwa siku, hiyo ni hasara ambayo lazima walipe kwa kula zaidi, na mahali penyewe pa kula ndipo walipofukuzwa.

Watafiti wa tabia za wanyama hupima vitu viwili hapa: umbali ambao mnyama anaacha alichokuwa anafanya na kukuangalia, na umbali ambao anatoroka. Kati ya hizo mbili kuna nafasi, na kwenye hiyo nafasi ndipo mpiga picha anaweza kurekebisha makosa yake. Shingo zikinyanyuka, wakiacha kula, wakianza kusogeleana na kuogelea kwenda upande wa pili taratibu, ujumbe umeshafika. Simama. Ikiwezekana rudi. Ndege wengi huvumilia gari kuliko mtu anayetembea kwa miguu. Na mtu anayetambaa huku amekutolea macho, kwa bata, ni mwindaji. Hana namna ya kujua kwamba kilichoko mkononi ni Canon. Yule mama alikuwa ananieleza matokeo ya utafiti wa msimu mzima na mimi nikamwona ananikatisha.

Kwa hiyo ukiunganisha masomo yetu mawili unapata jibu ambalo sikulitegemea. Fizikia inataka urudi nyuma ili pembe ishuke. Ikolojia inataka urudi nyuma ili bata abaki. Kwa mara moja hawagombani.

Bei ya umbali

Lakini umbali hauji bure, na kuna mambo matatu yanayokula picha.

La kwanza ni pikseli. Bata huyu ana urefu wa sentimita 45 hivi. Ukiwa na lenzi ya milimita 400, bata wa mita 50 anaacha taswira ya milimita 3.6 kwenye sensa. Kwenye kamera ya kawaida ya megapikseli 24 hizo ni kama pikseli 900 kutoka mdomo hadi mkia. Inatosha kuchapisha ukubwa wa kadi ya posta na kuona macho. Akiwa mita 30 unapata 1,500. Simu ni hadithi nyingine. Lenzi yake kuu ni ya milimita tano sita, na bata wa mita 30 anaangukia kwenye pikseli 80 hivi. Hiyo ni doa. Ila kama una darubini ya kukuza mara 8, weka lenzi ya simu kwenye kioo kimoja cha kutazamia, ukishika kwa utulivu na kuegemeza mlangoni, na zile 80 zinakuwa 600 na ushee. Wanafunzi wenzetu wengi wameanzia hapo, na mimi nadhani ni njia bora kuliko kukopa pesa kununua lenzi.

La pili ni hewa. Barabara kuu ya TANZAM inakatiza Mikumi kwa karibu kilomita 50, na saa saba mchana umeshaona lami inavyotetemeka kwa mbali. Hewa ikipata joto la digrii moja zaidi, uwezo wake wa kupinda mwanga hubadilika kwa sehemu moja tu katika milioni. Kidogo mno, lakini mwanga wa bata wa mita 50 unapita kwenye mapovu mengi ya hewa ya moto na ya baridi, na kila moja linausukuma kidogo. Hakuna lenzi wala programu inayorudisha kilichopotea hapo. Mapema, kabla ya saa tatu, ardhi na hewa bado vina joto linalokaribiana. Na dereva azime injini. Sio kwa sababu ya mtikisiko tu: hewa ya moto juu ya boneti ikipita mbele ya lenzi inaharibu picha wakati bwawa zima liko shwari.

La tatu ni mwendo. Bata anayeogelea polepole, nusu mita kwa sekunde, akiwa mita 30, anapitisha taswira yake kwenye sensa kwa karibu milimita 7 kwa sekunde. Ukifungua shata kwa 1/500 ya sekunde ameshavuka pikseli tatu, na jicho limekuwa mstari. Kwa 1/2000 anavuka chini ya moja. Ukiweza kumfuata kwa kamera kwa mwendo wake, 1/500 inatosha, na alfajiri utaihitaji.

Kuhusu mwanga nitasema kidogo tu. Kamera haijui bata ni nini. Inadhani kila kitu ni kijivu cha wastani. Maji yakiwa tope jeusi inaongeza mwanga, na ule uso mweupe unaungua, unabaki karatasi tupu. Ndicho kilichotokea kwenye picha yangu. Maji yakiwa kioo cha anga inapunguza, na shingo nyeusi inakuwa shimo. Tazama uso mweupe kwanza. Ukiwa na mistari ya manyoya ndani yake, shingo unaweza kuiokoa baadaye. Uso ukishaungua huokoi kitu.

Nani yuko majini, na lini

Kiangazi, maji ya uwanda yanapokauka, bata na bata bukini wa Misri wanajikusanya kwenye mabwawa machache yaliyobaki, na hapo Mikumi ni rahisi. Masika wanatawanyika na utawatafuta sana. Kati ya Novemba na Machi angalia vizuri bata wadogo wa kijivu kwenye makundi: anaweza kuwa Spatula querquedula, anayezaliana Ulaya na Asia na kuja huku baridi ikianza kwao. Wilaya ya Kilosa ina kata inayoitwa Ulaya, ipo njia ya kwenda Mikumi, na mwenzangu hachoki kusema kwamba bata huyo ametoka Ulaya akafika Ulaya.

Picha yoyote yenye tarehe na mahali ina kazi, hata ikiwa mbaya. Kila Januari ndege wa majini huhesabiwa katika nchi nyingi duniani, zoezi lililoanza 1967, lakini Januari ni mwezi mmoja na mabwawa ni mengi. Miezi mingine hutegemea watu kama sisi wanaoweka kumbukumbu kwenye eBird au kwenye Tanzania Bird Atlas. Zile picha zangu sita za Kilosa kama sanaa hazina thamani. Lakini zinaonyesha bata asiye na manyoya ya kurukia, mwezi Juni, mahali fulani, na hilo ni jambo ambalo mtu anayesoma bata wa Tanzania anaweza kulitumia. Nimeziweka, na kwenye maelezo nimeandika kwamba alitoroka kwa sababu yangu.

Agosti tulirudi Mikumi. Tulifika kwenye bwawa mapema, tukaomba dereva asimame mita 50 kutoka majini, azime gari. Nilikaa kitini. Kwa nusu saa ya mwanzo sikupiga kitu, bata walikuwa wamesimama kwenye maji ya kina kifupi wamelala, vichwa vimegeuzwa nyuma, mdomo ndani ya manyoya. Walikuwa wanane kwenye mstari. Mwenzangu akanikumbusha jaribio la Niels Rattenborg na wenzake, lililotoka kwenye jarida la Nature mwaka 1999. Walipanga bata aina ya Anas platyrhynchos wanne wanne kwenye mstari na kuwaangalia wakilala. Wa katikati walilala zaidi macho yote yakiwa yamefungwa. Wa pembeni mara nyingi zaidi walilala na jicho moja wazi, lile linalotazama nje ya kundi, na nusu moja ya ubongo ikabaki macho wakati nyingine imelala.

Nikapiga. Maji ni ya rangi ya chungwa, vivuli vya bata vimenyooka. Ukikuza picha, yule wa mwisho upande wa gari letu ana jicho moja wazi. Lina upana wa pikseli 20 hivi, na linatuangalia. Sita wa katikati hawana habari na sisi.